Ndiva ya Bombo na Swali la Desimali

Simu yangu siku hizi hailii, na mimi bado nashtuka nikidhani inalia. Mke wangu, Mama Neema, ameniwekea kiti barazani ili nikae kama wastaafu wenzangu wanavyokaa. Nakaa, nasimama, naenda hadi getini kutazama malori yanayopita barabara kuu, narudi. Juzi aliniuliza natafuta nini kule getini. Nikamwambia naangalia mizigo inakwenda wapi. Akasema, "Baba Neema, hiyo kazi si umeshaiacha?"

Nimeiacha. Ninyi mliobaki dawatini mliniomba siku ya kuagana niandike machache kuhusu miaka yangu, na nadhani mlitegemea nasaha. Nasaha sina. Nina vichekesho kadhaa, hasira kidogo, na kesi moja ambayo hadi leo inanikosesha raha. Nimeanza kuiandika mara nyingi nikaishia kuzunguka nyumba.

Kwa mgeni atakayesoma haya, kazi yetu ni hivi. Kuna modeli, programu ya kompyuta, ambayo unaiambia mradi fulani utatumia pesa kiasi gani na wapi, nayo inakuambia wilaya itapata nini: ajira, mauzo ya maduka, mapato ya wakulima. Wanaoitumia ni maafisa mipango, washauri, mashirika, na siku hizi hata vikundi vya vijijini. Wakikwama wanatupigia sisi, dawati la maswali, chumba kimoja pale Same chenye dirisha linalotazama upepo. Upepo wa Same mnaujua. Ukifungua dirisha vumbi linahamia kwenye kibodi, ukilifunga unaiva mwenyewe.

Nilifika pale nikitokea chuo kikuu, kijana wa Shighatini kule Ugweno, mwenye vitabu vizito na viatu vipya. Aliyenipokea ni Bi. Zainabu, mkuu wa dawati. Alikuwa mtoto wa duka. Ukoo wao umefanya biashara kando ya njia hii tangu haijawa barabara, na yeye alijifunza hesabu akiwa amekaa juu ya gunia la sukari nyuma ya kaunta ya baba yake, kabla hajakwenda kuzisomea. Alinisogezea simu iliyofungwa kwa plasta, akaniambia, "Ikilia, sikiliza mpaka mwisho. Vijana wa chuo mnajibu swali likiwa bado njiani."

Ikalia. Afisa mmoja alikuwa ameingiza ujenzi wa soko kwenye modeli, na ajira zilizotoka zilikuwa na desimali. Alikuwa amekasirika. "Nusu mtu ni nini? Nimpeleke wapi nusu mtu?" Nilimweleza kwa ufasaha mkubwa. Nilitaja milinganyo. Alishukuru, akakata simu, na baada ya muda mfupi akapiga tena akiomba kuongea na yule mama.

Bi. Zainabu akachukua simu. "Baba, ni mtu anayebeba zege nusu ya mwaka, nusu nyingine yuko shambani kwake. Huna mtu wa hivyo kwenu?" Nikasikia yule bwana akicheka. Alikuwa nao wengi.

Bi. Zainabu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa swali alilouliza kwa kila mradi: hii pesa inalala wapi? Mkandarasi akipiga kambi hapa akalipa vibarua, mtumiaji ataandika kwamba mshahara wote umetumika Same. Bi. Zainabu angeuliza vibarua wametoka wapi, na Jumamosi wanapanda basi la kwenda wapi. Pesa iliyopanda basi haijalala hapa, kwa hiyo usiihesabu. Ukutani alikuwa na ubao wenye ramani, na kwa kila kesi ngumu alifunga uzi wa sufu kutoka Same hadi kule pesa ilikolala. Nyuzi nyingi zilikwenda Dar es Salaam. Upepo ukiingia zinajisokota, na kazi yangu ya asubuhi miezi ile ilikuwa kuzifumua kabla sijapewa chai.

Sheria ya pili: jibu ulichoulizwa. Anayekupigia ana bosi wake, ana haraka yake, na ameuliza habari ya kitufe kimoja tu. Hakukuomba umfungulie ripoti yake yote. "Mtu akikuuliza njia ya msikitini," aliniambia, "usimwulize mara ya mwisho aliswali lini."

Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Waliosema hivyo hawajawahi kukaa dawatini, maana yako maswali yaliyojitahidi sana kuwa ujinga. Lakini yako pia yaliyonifanya nitembee chumbani nikijiuma kucha. Kijana mmoja wa jamii ya wafugaji, afisa mifugo kule tambarare, aliuliza habari ya mnada. Ng'ombe amezaliwa nje ya wilaya, amepita kwetu akanywa maji yetu, ameuzwa kwetu, jioni amepakiwa kwenye lori akaenda zake. Kwenye modeli huyu ng'ombe ni wa nani? Nilimjibu kwamba ahesabu kilichobaki tu, yaani ushuru na chakula walichokula wenye mifugo kwa mama ntilie.

"Kwa hiyo mzee," akasema taratibu, "ng'ombe mzima kwenu ni sahani ya wali."

Nikamwambia ndiyo, na maharage. Nilijua jibu ni sahihi, na nilijua pia kwamba halikumridhisha wala halikuniridhisha mimi. Miaka inavyokwenda hali hiyo ya kuwa sahihi bila kuridhika inajikusanya mwilini. Wengine inawapa presha. Mimi ilinipa miguu isiyotulia.

Bi. Zainabu alistaafu, akarudi dukani kwa kaka zake, akaniachia ubao na nyuzi. Simu ya plasta ikawa WhatsApp, maelezo yakawa ujumbe wa sauti, na mimi nikawa "mzee Mfinanga" bila kuarifiwa. Ndipo alipotokea Nakijwa.

Nakijwa alikuwa afisa kilimo wa kata, binti wa Bombo, juu kabisa kwenye milima ya Upare wa kusini. Kwao kuna ndiva, lile bwawa la udongo na mawe walilojenga mababu. Jioni linazibwa, maji ya kijito yanajikusanya humo hadi kuche, asubuhi linafunguliwa na kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Ndiva ile ilikuwa imejaa tope na ukuta wake umepasuka. Wenye mashamba ya mwisho, mama yake Nakijwa akiwamo, walikuwa hawapati zamu tena kiangazi, na vijana walikuwa wanateremka mmoja mmoja kwenda kutafuta vibarua. Mfadhili mmoja alikuwa ameahidi kugharimia mradi mmoja tu wilayani. Kamati ingekaa Same kuchagua, na kila mwombaji alitakiwa kuja na matokeo ya modeli. Nakijwa alikuwa amejifunza modeli ile peke yake, kwenye kompyuta ya kuazima.

Alipiga asubuhi moja. "Shikamoo, mzee Mfinanga."

"Marahaba, mwanangu. Za Bombo?"

"Nzuri, baridi tu. Mzee, nina swali dogo. Naondoaje desimali kwenye jedwali la mwisho? Mwenyekiti wa kijiji anasema zinamchanganya."

Nikamwambia anitumie picha ya jedwali ili nimwonyeshe pa kubonyeza. Picha ikaja. Nikamwelekeza, desimali zikaondoka, akashukuru, tukaagana. Swali lilikuwa limejibiwa. Nilibaki nimeshika simu, nikiitazama ile picha.

Matokeo yalikuwa makubwa mno. Ukarabati wa bwawa la udongo huko Bombo ulikuwa umeyafanya maduka ya Same yauze mabati, soda na makochi kuliko mradi wowote niliowahi kuuona. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Mimi ni wa Ugweno, Upare wa kaskazini, na kwetu pia ndiva zipo, kwa hiyo haikunichukua muda kuelewa. Ilikuwa msaragambo.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kwa Wapare jambo hilo kwa kawaida ni jembe. Kijiji kizima kinatoka kwenda kuchimba, kubeba mawe, kuzibua mfereji. Halipwi mtu, lakini asiyetokea anatozwa faini, na aibu yake inadumu kuliko faini yenyewe. Ndiyo maana hakuna Mpare anayeona msaragambo ni kazi ya bure. Nakijwa alipokuta safu imeandikwa "nguvu kazi ya wenyeji", alichukua siku zote walizoahidi wanakijiji, akazithaminisha kwa ujira wa kibarua, akaingiza. Mtu wa Dar es Salaam asingekosea hivyo, maana asingekumbuka kabisa kwamba ile kazi ina thamani. Modeli nayo, ambayo haijui adabu za milimani, ikadhani Bombo nzima imelipwa mshahara, ikawateremsha wote mjini kununua makochi.

Jibu ulichoulizwa. Nilikuwa nimeshalijibu. Nilizunguka meza, nikafumua nyuzi ambazo hazikuwa zimejisokota, nikanywa chai ya baridi. Kwenye kamati kuna watu wanaoijua modeli. Wakiligundua kosa wenyewe, ndiva ingeonekana ya udanganyifu, na jina la Nakijwa lingeganda hapo kwa miaka. Wasipoligundua, ndiva ingejengwa. Sheria ya Bi. Zainabu ilinipa ruhusa ya kukaa kimya, na kukaa ndicho kitu nilichoshindwa. Nikampigia.

"Nakijwa, hawa watu utawalipa?"

"Watu gani, mzee?"

"Wa msaragambo."

Akacheka. "Mzee jamani, msaragambo mtu analipwa? Wewe Mpare gani? Ndiyo maana tunawasema ninyi wa Ugweno."

"Mimi Mpare. Modeli siyo. Imeshawalipa."

Nilisikia kuku nyuma yake. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Niweke nini?"

"Sifuri."

"Sifuri."

"Kwenye mshahara, ndiyo. Hakuna mshahara, hakuna cha kwenda kununulia dukani."

"Mzee, mama yangu na uzee ule atabeba mawe kichwani. Unaandika sifuri?"

"Simwandiki mama yako. Naandika mshahara wake."

"Ni yeye huyo huyo," akasema, akakata simu.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kukera. Nilijibu maswali ya wengine nikiwa nimesimama. Mama Neema alinifuata na sahani, maana nilikuwa nakula huku natembea. Kisha Nakijwa akapiga, na safari hii hakukuwa na shikamoo.

"Nimeweka sifuri yako. Mradi wetu sasa ni wa mwisho. Soko liko juu, barabara iko juu, sisi tuko chini."

Nilikuwa naangalia ubao, zile nyuzi zote za sufu za pesa iliyokwenda kulala mbali. Nikajikuta namuuliza, "Nakijwa, maji yenu sasa hivi yanalala wapi?"

"Yanalala?" Akafikiri. "Hayalali. Zamani yalikuwa yanalala ndivani. Sasa yanashuka hadi alfajiri yanakwenda bondeni, hakuna anayeyaona. Tukiamka tunakuta yamebaki matone."

"Basi acha ujenzi. Ujenzi wenu ni mdogo, utabaki mdogo. Nenda kwenye safu za kilimo, baada ya ujenzi. Nieleze hayo maji yakilala Bombo, asubuhi yanaamkia shamba la nani."

Tulifanya kazi ile kwa ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa anatembea mashambani na mimi nikizunguka meza yangu. Alijua kila mfereji. Alinitajia nani angepanda maharage kiangazi, nani angerudia tangawizi aliyoiacha, mboga zingeuzwa wapi na zipi zingeliwa nyumbani. Kila aliponogewa nilimkata. Hii itauzwa kweli? Kwa nani? Aliniita mzee mgumu, kisha akaniita jina la Kichasu, lugha yetu Wapare, ambalo nililielewa vizuri kuliko alivyodhani. Mwishoni tukapata jibu. Lilikuwa dogo sana kuliko lile la kwanza, lakini mtu angeweza kusimama nalo mbele za watu.

Alisimama nalo kwanza kijijini, akawaambia kwamba matokeo aliyowasomea mwanzo hayakuwa sahihi. Sikuwapo. Aliniambia tu kwamba mama yake hakula jioni ile.

Kwenye kamati nilikuwapo, nimekaa nyuma kwa ajili ya maswali ya modeli. Mwenyekiti akauliza kwa nini makadirio ya Bombo yameshuka kuliko yale yaliyotumwa awali. Nakijwa akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, yale ya kwanza yaliwalipa watu wetu mshahara ambao hakuna atakayewalipa. Nimeutoa. Yaliyobaki ni maji tu." Wajumbe wakatazamana. Mmoja akasema huo ni uaminifu wa kupigiwa mfano, na kweli walimpigia makofi.

Pesa zikaenda kwenye mradi wa soko. Bombo ilipewa pongezi za maandishi, na pongezi hazizibi ufa.

Nilimfuata nje. Upepo ulikuwa unarusha vumbi, ameziba uso na ncha ya kanga. Nikamwambia nasikitika, na nilisikitika kweli.

"Ile ya kwanza ingepita, mzee."

"Labda."

"Siyo labda. Mimi na wewe tunajua. Ingepita." Akapanda gari la kurudi milimani.

Nilipofika hapa katika kuandika nilitaka niishie, niwaambie vijana kwamba kazi yetu ndivyo ilivyo. Jibu nililompa lilikuwa sahihi na leo ningelirudia. Lakini kila nikijiambia hivyo naona ile kanga na lile vumbi, na nasimama kwenda getini. Niliacha karatasi mezani. Hapo katikati ujumbe ukaingia kwenye simu, wa kwanza kutoka kwa Nakijwa tangu siku ile. Uliandikwa hivi tu: "Shikamoo mzee. Jumamosi msaragambo wa kumalizia ndiva. Kama una nafasi."

Mama Neema alinipa buti za mvua bila kuuliza kitu. Nilifika Bombo jua likiwa bado halijakausha umande, nikakuta kijiji kizima kiko kazini. Tope la miaka mingi walikuwa wameshalitoa, Jumamosi baada ya Jumamosi, tangu kamati ilipotoa pongezi zake. Ufa ulikuwa umejengwa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, na ulibaki upande mmoja. Nakijwa aliniona, akanipungia mkono wenye tope, akaendelea na kazi.

Mama yake nilimtambua kwa sura ya binti yake. Alikuwa mwembamba, amejitwika karai la mawe, shingo imenyooka. Alishusha mzigo wake mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiwe wa sifuri?"

Watu waliokuwa karibu wakaacha kuchimba.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Alinitazama kuanzia buti hadi kichwani, bila chuki na bila haraka. Kisha akanipa koleo. "Haya. Ongeza na ya kwako."

Wakacheka, mimi nikacheka kwa kuchelewa, tukafanya kazi. Nilibeba udongo hadi mikono ikachubuka. Jioni wakaziba tundu la chini la ndiva kwa gogo na majani, na nikaombwa nilale pale ili nione asubuhi.

Kulipokucha ndiva ilikuwa imejaa. Nilizoea maji ya Same ya ndoo na foleni, na pale niliona maji yaliyotulia hadi ukingoni, yamekusanyika wakati sisi tumelala. Wazee walinong'ona jambo la kwao, gogo likavutwa, mfereji ukapokea. Zamu ya kwanza siku ile ilikuwa ya wale wa mwisho, walioikosa kwa muda mrefu. Tuliyafuata maji tukiteremka nayo hadi kwenye tuta la mama yake Nakijwa. Mama alikuwa akiyangoja na jembe. Akafungua udongo kidogo kwa ncha ya jembe, yakaingia.

Nakijwa alisimama kando yangu. "Mzee," akasema, "hii sasa niiweke safu gani?"

Nilianza kumjibu. Nilizipitia safu zote kichwani, za ujenzi, za kilimo, za mapato ya kaya, nikiwa nahama mguu hadi mguu kama kawaida yangu. Hapakuwa na mradi, hapakuwa na pesa ya mtu, hakuna aliyekuwa anatuuliza tena.

"Sijui," nikamwambia.

"Haya," akasema. "Basi kaa, zamu ya mama ni ndefu."

Palikuwa na jiwe pale ukingoni mwa mfereji. Nikakaa.